Mkia wa Kenge na Mawe ya Genkuru

Mume wangu Ogada alikuwa na mikia saba. Ilining'inia kwenye misumari saba juu ya dirisha la chumba cha mbele, nyumbani kwetu Nkende, Tarime, kuanzia mwembamba kama mrija wa soda hadi mnene kama kidole gumba cha mguu. Kila mkia ulikuwa kipande cha fimbo ya kuvulia iliyovunjika. Ogada alikizungushia utepe wa msasa kutoka chini hadi juu, kama mtu anavyofungwa bendeji, akaubandika kwa gundi. Kwa sababu fimbo ya kuvulia ni nene shinani na inapungua taratibu kuelekea nchani, na kwa sababu ukiipapasa ile misasa inakuparuza, tuliuita kila mmoja mkia wa kenge. Sijui mafundi wengine wanauitaje.

Kazi ya mkia ni moja tu, kupanua tundu. Fimbo za wavuvi wa starehe, wale wanaokuja ziwani kutafuta sangara mkubwa wampige picha, zina kishikio cha gome jepesi la mti wa Ulaya, gome lile lile wanalozibia chupa za divai. Linakuja limekatwa visahani vidogo, kila kimoja na tundu katikati. Sisi tuliviita vizibo. Unaunganisha vizibo kumi na viwili kwa gundi, unapata kitu kama gunzi la muhindi. Halafu ndipo kazi inaanza. Tundu limenyooka, fimbo haijanyooka. Upande wa shina ni nene, upande wa ncha ni nyembamba. Basi unaingiza mkia kwa upande wa shina, unapekecha mizunguko mitatu, unautoa, unagonga unga utoke, unajaribu kwenye fimbo, unapekecha tena. Ukipekecha pungufu, kishikio hakifiki mahali pake. Ukizidisha, hakuna dawa. Gome ulilokwisha kulifanya unga hulirudishi.

Ogada alijifunza Kisumu akiwa kijana, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza fimbo za klabu. Aliporudi Tarime alikuwa fundi wa kazi hiyo peke yake, na mimi nilikuwa mshika fimbo wake. Miaka ishirini na mitatu nilishika upande wa pili, nikafagia unga wa vizibo na kuuchanganya kwenye udongo wa maua. Kupekecha sikupekecha hata siku moja. Hakunikataza. Haikuwahi kuja siku ya kuniambia, shika.

Mwaka ninaousema ni ule wa rashi ya dhahabu, miaka ya tisini mwanzoni, kabla kampuni kubwa hazijaweka uzio. Dhahabu ilikuwa imeonekana upande wa Genkuru na watu walikuwa wakienda kama siafu. Muuza vitumbua alikwenda, na kinyozi, na mwalimu wa kwaya yetu, tukaimba Pasaka nzima bila sauti ya nne. Mtoto wetu wa mwisho, Omondi, alikwenda na mablanketi mawili na sururu ya kukodi. Kila wiki alituma salamu kwa mtu yeyote anayekuja mjini, na salamu zenyewe zilikuwa zile zile: hajapata, lakini wa shimo la jirani wamepata. Na mwisho wake: "Mwambieni baba aje, kuna kazi ya kuvuta kamba ya shimo pale juu, hata mzee anaweza."

Ogada alikuwa akicheka. Mpaka Okech alipokuja.

Okech ni mtoto wa baba mdogo wa Ogada, wa upande wa Kenya. Alifanya kazi katika kambi moja ya wavuvi wa starehe ziwani kwao, na ndiye aliyekuwa akituletea fimbo kupitia mpakani Sirari, amezifunga kwenye baiskeli utadhani anahamisha hema. Safari hiyo alileta fimbo mbili tu. Moja mpya, haina kishikio. Nyingine ni ndugu yake, fimbo ya aina ile ile, iliyovunjwa na sangara katikati, tuichukue iwe mfano. Na vizibo ishirini.

"Bosi ni mpya," alisema, akinywa chai yangu. "Huyu mpya anasema fimbo zote zipelekwe Nairobi, huko kuna mashine. Mimi nikamwambia, bosi, ngoja kwanza uone mkono wa ndugu yangu. Basi amekubali moja. Ikitoka safi, analeta zingine kumi na mbili. Isipotoka safi, aki ya Mungu, Ogada, sina maneno tena ya kumwambia."

"Lini?" Ogada aliuliza.

"Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa hapa saa nne."

Okech alipoondoka Ogada akasema kana kwamba anaongea na fimbo: "Hii ikikataa, na mimi nakwenda Genkuru kuvuta kamba. Siwezi kukaa nyumbani nikihesabu kuku."

Nilimtazama. Nilitaka kusema jambo, sikulisema. Jambo lenyewe ni hili: mume wangu alikuwa haoni vizuri, na alikuwa akinificha.

Nilikwisha kujua tangu Pasaka. Siku ile alimimina chai kwenye sahani badala ya kikombe, akaimimina yote kwa utulivu kabisa mpaka ikafurika mezani, halafu akasema sahani ina ufa. Baadaye nikaona anavyoweka kidole ndani ya glasi anapojaza maji. Jua likimpiga usoni, mboni za macho yake zilikuwa na utando, kama maji uliyooshea mchele. Mtu wa namna hiyo asimame kwenye ukingo wa shimo la Genkuru, avute kamba katikati ya mashimo mengine mia! Wenye macho yao walikuwa wanatumbukia.

Jumamosi ile ile aliyokuja Okech, Ogada alibandika vizibo kumi na viwili, tukabakiza vinane. Akaweka alama ya penseli upande wa shina, akapekecha kidogo kuanzia hapo, vizuri tu. Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu asubuhi akaendelea.

Nilikuwa mlangoni nachambua dagaa. Nikamwona anakigeuza kile kishikio, anakipapasa kwa kidole gumba huku na huku, anatafuta alama. Lakini alama ya penseli haipapasiki. Akakiinua mpaka kwenye pua. Akakishusha. Akachukua mkia wa tano, akauingiza kwa upande wa ncha.

Upande wa ncha! Mimi nikasimama na dagaa mkononi. Mizunguko ya kwanza haikuwa na madhara. Ningesema pale pale, "Baba Omondi, geuza," angegeuza na mambo yangekwisha. Lakini kumwambia geuza ni kumwambia huoni. Nikajiambia labda ana njia yake. Nikajiambia atagundua. Nikachambua dagaa.

Akajaribu kwenye fimbo, kikakwama katikati. Kwa kawaida kikikwama Ogada husema, "Bado ana njaa," na hupekecha polepole. Siku hiyo alikaza. Misasa ya mikia yote ilikuwa imekwisha makali. Ukiipapasa ni kama shavu la mtoto. Alikuwa anasukuma kwa nguvu za bega. Akajaribu, kikakwama. Akapekecha. Mwishowe kikateremka chote kwa mara moja, kikagonga mwisho wa shina: ko!

Sauti ile niliijua. Kishikio kizuri hakigongi. Nikaenda, nikachukua njiti ya kiberiti nikaichomeka upande wa mbele, kati ya gome na fimbo. Ikaingia. Nikachomeka ya pili kando yake. Ikaingia nayo.

"Zimeingia ngapi?" Ogada aliuliza. Hakutazama.

"Mbili."

Akaketi kwenye kigoda. "Ni msasa. Msasa umeniangusha. Huwezi kupekecha na kitu kilichokufa."

"Tunaweza kujaza uzi hapo mbele," nilisema.

"Kujaza ni kazi ya mlevi. Samaki akivuta, kinalia kama kitanda kibovu."

Mchana nilikwenda kutafuta msasa. Niliingia maduka manne. Mbele sururu, nyuma sururu, kamba za manila zimeviringishwa mpaka darini, betri za tochi, makarai, moko za kupasulia mwamba. Muuzaji wa duka la mwisho alinijibu bila kuinua kichwa: "Mama, msasa nani ananunua sasa? Nafasi yake nimeweka koleo."

Nikarudi mikono mitupu. Ogada alikuwa amekata kile kishikio kwa wembe, kizibo kimoja kimoja, kwa kupapasa. Vinne vya upande wa shina vilikuwa havijapanuka kupita kiasi. Vinne hivyo, na vinane tulivyobakiza, vinatimia kumi na viwili. Tulivibandika pamoja, mimi nikishika. Hapakuwa na kizibo cha kumi na tatu.

"Omondi alisema wanaanza saa ngapi kuvuta kamba?" aliniuliza, mikono imejaa gundi.

Nikaenda kumletea kitambaa cha kufutia gundi.

Jumanne asubuhi nilisikia kinu nyuma ya nyumba ya jirani yangu Bhoke. Kinu cha mahindi kinasema du, du. Hiki kilikuwa kinasema kach, kach. Bhoke alikuwa Mkurya wa kwao hasa, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa akipika uji Genkuru siku nne kwa wiki. Nikamkuta ameketi na kipande cha bomba la chuma, anaponda mawe meupe.

"Shikamoo, mama Omondi. Usicheke."

"Marahaba. Sijacheka bado. Unafanya nini?"

"Kuna kijana amekunywa uji wangu vikombe sita, ananilipa mawe. Anasema mama, humu ndani kuna kitu. Nimeponda tangu jana, nimeosha kwenye karai mara mbili. Humu ndani kuna mawe." Akatema mate pembeni. "Na yeye uji wangu ameshaumaliza kwa haja ndogo. Utarudije?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikainama nikachota ule unga nikausugua kati ya vidole viwili, hivi hivi tu, kama unavyopima unga wa muhogo. Ulining'ata. Nikausugua tena polepole. Ulikuwa mkali kuliko msasa wowote nilioushika maishani, kila chembe ina kona yake.

"Bhoke, kijana huyo aliweka zebaki humu, ile sumu ya kunasia dhahabu?"

"Zebaki ya wapi? Hata karai lenyewe alikuwa anaazima. Ni jiwe na jasho langu."

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Huu unga. Wote."

Akanitazama kwa jicho moja. "Mama Omondi. Umeona kitu humu ambacho mimi sikukiona?"

"Nataka kusugulia kishikio cha fimbo ya samaki."

Bhoke akaweka bomba chini. "Ninyi Wajaluo! Sisi fimbo ya ng'ombe tunakata porini, tunachapia, jioni tunakokea moto. Ninyi ya samaki mnaivalisha shati. Huyo samaki anajua ameshikwa na fimbo ya kishikio laini?"

"Anayejua ni mkono wa mzungu."

"Basi chukua. Lakini ukikuta dhahabu, kumbuka nani aliponda."

Nikauchukua kwenye sufuria. Kwanza niliupitisha kwenye chujio la chai. Uliobaki juu nikautupa. Uliopita nikaukung'uta kwenye kanga kuukuu, uliobaki juu ya kanga ukawa wa kati. Ule uliopita kanga nikaumimina kwenye beseni la maji, nikakoroga, nikahesabu mpaka ishirini, uliozama nikautenga peke yake, maji ya juu nikayahamishia beseni lingine. Yale maji yalihama na vumbi lake, na lilipotuama asubuhi yake likawa laini kama poda ya mtoto, lakini bado linang'ata. Basi nikawa na unga wa aina tatu, kwenye vifuniko vitatu vya kopo la maziwa.

Kisha nikachukua ile fimbo iliyovunjika, ndugu wa fimbo yetu. Nilikuwa nimemsikia Ogada akisema mara nyingi kwamba mkia mzuri kuliko yote ni ule uliozaliwa tumbo moja na fimbo, maana unapungua sawasawa nayo. Nikakata shina lake, urefu wa mkono na shibiri. Nikalipaka gundi nyembamba kwa unyoya wa kuku, nikalivingirisha kwenye unga wa kati kama unavyovingirisha samaki kwenye ngano kabla ya kukaanga. Nikakata kipande kingine nikafanya hivyo hivyo na unga laini. Nikavisimamisha juani kwenye chupa mbili, nikawafungia kuku ndani wasije wakavidonoa. Mabaki ya unga niliyabandika kwenye ubao bapa, wa kusugulia nje.

Ogada alinisikia nikihangaika siku mbili zile, hakuuliza. Alikuwa akikaa kizingitini na redio.

Alhamisi vilikuwa vimekauka. Kabla ya kumpelekea nilifanya jambo moja zaidi. Nilichukua uzi mwekundu wa kushonea, nikaufunga kuzunguka kishikio upande wa shina, mizunguko minne, na fundo juu. Nikavipeleka vyote kizingitini nikamwekea mapajani.

Alianza na mkia. Aliupapasa kutoka shina mpaka ncha, akaunusa, akausugua kwenye ukucha wake. "Huu umetoka wapi?"

"Mawe ya Bhoke."

"Mawe ya Genkuru?"

"Ndiyo. Nimebandika mwenyewe."

"Ndiyo maana kinu chake kilikuwa kinakohoa." Alikuwa karibu atabasamu. Akachukua kishikio. Kidole gumba chake kikapita juu yake, kikafika kwenye uzi, kikasimama. Kikagusa fundo. Kikazunguka uzi wote. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, akaizima.

"Huu wa nini?"

"Wa shina," nilisema. "Ili ulijue."

Akakigeuza kishikio mapajani. "Unanifunga uzi kama mbuzi wa mnada."

"Sikukufunga wewe."

"Tangu lini, Adero?"

Aliniita kwa jina langu. Miaka mingi nilikuwa mama Omondi tu. Nikaketi chini karibu na miguu yake. "Tangu sahani yenye ufa."

"Ilikuwa na ufa?"

"Haikuwa nao."

Akacheka kidogo puani, halafu kicheko kikaisha. "Ni kama natazama kupitia maziwa. Asubuhi ni maziwa yaliyochanganywa maji. Jioni ni maziwa mazito. Jumatatu ulikuwa mlangoni. Uliniona nikiingiza nchani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe. Nilikuogopea aibu, nikaacha uharibu vizibo."

"Basi kazi imekwisha," alisema, akanirudishia kishikio. "Mtu asiyejua shina na ncha ataitwaje fundi? Nitakwenda kwa Omondi. Kamba haihitaji macho."

"Baba Omondi, mtu asiyeona alama ya penseli ataona ukingo wa shimo?"

"Mle shimoni wote ni vipofu. Huko nitakuwa sawa na wenzangu."

Nilitaka kulia, lakini kulia kungempa sababu ya kuinuka. Nikashika mkia, nikashika kishikio, nikatafuta uzi, nikauingiza kwa upande wa uzi. Nikapekecha.

"Unafanya nini?"

"Napekecha."

"Hujawahi."

"Ndiyo maana inabidi uniambie."

Nikapekecha mizunguko mitatu, nikatoa, nikagonga. Nikapekecha tena. Mkia ule ulikuwa unakula gome kama mbuzi kwenye shamba la watu. Niliogopa, nikaushika kwa nguvu.

"Umekaza," Ogada alisema.

"Umejuaje?"

"Unakoroma. Ukikaza unakoroma. Legeza mkono, uache mkia ujitafutie. Sikiliza. Unatakiwa useme kama mtu anafagia chumba cha pili."

Nikalegeza. Ukasema hivyo kweli, kama mtu anafagia chumba cha pili.

"Sasa umeegemea kushoto. Usizungushe mkia peke yake, na kishikio nacho kizunguke upande wake. Ee. Toa. Gonga. Nipe unga."

Nikamwekea unga kiganjani. Aliusugua kama nilivyosugua wa Bhoke. "Laini. Bado uko juu juu. Jaribu kwenye fimbo."

Nikajaribu. Kikasimama shibiri nzima kabla ya mahali pake. Tulikwenda hivyo asubuhi yote. Mizunguko mitatu, toa, gonga, jaribu. Shibiri ikawa vidole sita. Vidole sita vikawa vitano. Nilihama mkia wa kati nikashika wa laini. Mabega yaliniuma mahali ambapo sikujua nina mabega. Bhoke alipita na ndoo, akasimama, akaona mwanamke anapekecha na mwanaume anasikiliza.

"Shikamoo mzee. Leo umekuwa bosi, unakaa tu?"

"Marahaba. Nyamaza, Bhoke, unaniharibia masikio."

Akanyamaza, jambo ambalo sikumbuki kama lilitokea tena. Akageuza ndoo, akaikalia.

Kilipofika vidole vitatu nilikuwa na haraka ya kumaliza. Nikaingiza mkia tena.

"Acha kwanza," Ogada alisema. Alishika fimbo, akashika kishikio kilipokuwa kimesimama, akakizungusha kidogo sana huku na huku, sikio karibu. "Hapa kati kuna kizibo kimoja kinabana, cha saba au cha nane. Vingine vimeshiba. Ukipekecha vyote utazidisha. Ingiza mpaka hapo, mzunguko mmoja. Mmoja, siyo mmoja na nusu."

Nikafanya mmoja. Nikajaribu. Kikateremka kwa uzito wake wenyewe, bila kusukumwa, kikasimama vidole viwili juu ya mahali pake. Hakikugonga.

Nilitaka kuendelea, vidole viwili ni pengo kubwa kwa macho. Ogada akanishika mkono. "Hapo ndipo. Vidole viwili ni vya gundi. Gundi itateleza, utasukuma kwa kiganja, kitaingia na hakitatoka mpaka sisi wote tumezikwa. Leta njiti yako."

Nikaleta njiti ya kiberiti. Nikajaribu mbele, nyuma, kila upande. Haikupata pa kuingia. Nikampa Ogada ajaribu mwenyewe kwa vidole vyake, naye njiti ikamvunjikia. Akaziweka nusu mbili za njiti kwenye mfuko wa shati.

Mchana huo huo tulipaka gundi. Ijumaa nilisugua nje kwa ubao, yeye akinionyesha umbo kwa kunifumbata kiganja: hapa kidole gumba kikae, hapa pawe na kiuno, hapa pabebe kiganja. Kazi hiyo alifanya nusu yake mwenyewe. Mikono yake ilijua.

Jumamosi Okech alichelewa, akafika saa sita, jasho mpaka kwenye mkanda. Hakunywa hata maji. Alichukua fimbo akatoka nayo uani, akaegemeza ncha kwenye mti wa uzio, akaikunja mpaka ikawa kama upinde. Akakisokota kishikio kwa mikono miwili. Akaweka sikio. Kuku wetu wote walikuwa wanapiga kelele, nikatamani kuwanyonga.

"Hakisemi kitu," alisema mwishowe. Akakunja tena. "Ogada, ndugu yangu, hakisemi kitu kabisa. Si nilimwambia bosi! Mkono wako bado uko."

Ogada alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Angeweza kunyamaza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitanyamaza naye.

"Mkono siyo wangu," alisema. "Macho yangu yamekwenda, Okech. Aliyepekecha ni shemeji yako. Mimi nilisikiliza."

Okech akanitazama, akaitazama fimbo, akanitazama tena. "Shemeji? Wewe?"

"Mimi."

"Na bosi nimwambie nini?"

"Bosi alitaka kishikio," Ogada alisema, "au alitaka picha yangu?"

Okech akakuna kichwa, akaanza kucheka, akacheka peke yake muda mrefu. Halafu akaifunga fimbo kwenye baiskeli kwa vitambaa viwili, akatuambia zile kumi na mbili ataleta tatu tatu, maana baiskeli siyo lori. "Na shemeji, usinywe sana chai, mkono utatetemeka."

Alipoondoka Bhoke alikuwa tayari kwenye uzio na beseni lake la vikombe kichwani, anaelekea Genkuru. "Mzee, Omondi atauliza. Nimwambie unakuja kuvuta kamba au huji?"

Ogada alikuwa ameketi kizingitini, mikia mipya miwili mapajani. Alipapasa ule wa unga wa kati. Ulikuwa umeanza kuchakaa upande mmoja, pale nilipokuwa nikikaza.

"Mwambie siji, nina kazi," alisema. "Na mwambie, yale mawe meupe wanayoyatupa, yasiyo na kitu, atuletee gunia moja. Ayalete mwenyewe. Akae na siku mbili, mama yake amuone."

"Mawe yasiyo na kitu!" Bhoke alipaza sauti mpaka mbwa wa nyumba ya tatu akajibu. "Watu wanauza ng'ombe wapate yenye kitu, ninyi mnaagiza yasiyo na kitu. Haya, nitamwambia. Atadhani nimekunywa."

Akaenda zake, vikombe vikilia kichwani. Ogada akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe ule uzi mwekundu," akasema. "Tufunge na hii mikia, kila mmoja shinani kwake. Isije ikatuchanganya tena."

Nikampa. Alifunga mwenyewe, mizunguko minne na fundo juu.